Ulizeni Lililotangulia

Wanangu mnaoingia katika jiolojia,

Mmeomba neno la mzee kabla hamjatawanyika kwenda uwandani na nyundo zenu mpya. Ninalo moja, na yote yatakayofuata ni kulifafanua: mkisimama mbele ya mwamba mgeuko, yaani ule uliogeuzwa na joto na mgandamizo, msikimbilie kuuliza hili ni jiwe gani. Ulizeni kwanza lipi lilitangulia. Jina la jiwe mtalipata kitabuni jioni, mkishakula na kuoga. Mpangilio wa mambo yaliyolipata jiwe hilo haumo kitabuni. Umo ndani yake lenyewe. Mwenye kuukosea, hata akijua majina ya madini yote, ramani yake itakuwa pambo la ukutani.

Tuanzie hapa tuliposimama. Mwaka 1951 Arthur Holmes, Mwingereza aliyepata kufanya kazi Msumbiji alipokuwa kijana, alichapisha hoja kwamba upande wa mashariki wa Afrika una ukanda mrefu wa miamba mgeuko wenye historia yake, akauita Ukanda wa Msumbiji. Sisi tunaishi juu yake. Milima ya Taita, Pare, Usambara na Uluguru yote imo. Miaka milioni 640 hivi iliyopita, miamba ya Pare, Usambara na Uluguru ilikuwa kilomita 35 hivi chini ya ardhi, penye joto la karibu nyuzi 800 za Selsiasi. Anayelima mahindi leo kwenye mteremko wa Lushoto analima juu ya kile kilichokuwa upande wa chini kabisa wa gamba la dunia.

Katika joto lile na mgandamizo ule, sehemu kubwa ya mwamba haikuyeyuka. Ilibaki jiwe, lakini jiwe linalokubali kunyooshwa na kukunjwa, polepole mno, huku madini ya zamani yakitoweka na mapya yakiota mahali pake. Lishikeni hilo: kukunjwa na kuota vilikwenda sambamba. Ndiyo maana fuwele moja inaweza kutusimulia yaliyoupata mlima mzima.

Inafanyikaje? Mwamba ukibanwa, madini yaliyo bapa, na hasa ulanga, hujipanga yakitazama upande mmoja. Ndiyo ile mistari mnayoiona kwenye shisti, inayofanya jiwe lipasuke kwa vipande vya bapa. Mimi nauita ulalo. Joto likipanda, ganeti huanza kuota katikati ya ulalo huo. Ikiota haiwasukumi majirani zake wote pembeni. Baadhi yao, kama chembe za kwatsi, za madini ya chuma au za grafiti, huzimeza zikiwa zimelala vilevile zilivyolala. Mmeona mti uliopandwa karibu na uzio: unanenepa miaka na miaka hadi unaumeza waya, na uzio ukija kung'olewa, waya unabaki ndani ya shina katika mstari ule ule wa zamani. Ganeti hufanya hivyo. Mwamba unaweza kubanwa tena kwa upande mwingine, ulalo wa kwanza ukakunjwa, ukafutika, ukazaliwa mpya. Lakini ule wa zamani umehifadhiwa ndani ya ganeti, maana ganeti ni ngumu kuliko ulanga unaoizunguka na haikunjiki kirahisi.

Hebu tuangalie kwa karibu. Jiwe hukatwa kipande, kikabandikwa kwenye kioo, kikasagwa hadi kubaki unene wa milimita 0.03, mwanga ukaweza kupenya. Kiweke chini ya hadubini ya mwanga uliochujwa, vichujio viwili vikiwa vimekingamana. Ganeti inakuwa nyeusi tii, na inabaki nyeusi hata ukizungusha meza ya hadubini duara zima. Lakini ndani ya weusi huo chembe za kwatsi zinawaka na kuzimika, kijivu na nyeupe, moja baada ya nyingine. Zitazame vizuri: hazikutapanyika ovyo. Zimejipanga kwenye mstari. Sasa toa jicho nje ya ganeti, utazame ulanga umelala vipi, kisha ulinganishe mistari hiyo miwili. Jiolojia ya mgeuko, kwa sehemu kubwa, ni mlinganisho huo.

Sasa nasaha zenyewe.

La kwanza: kabla hujapiga nyundo, weka alama. Pima kwa dira ulalo unaelekea wapi na umeinama nyuzi ngapi, chora mshale juu ya jiwe kwa kalamu isiyofutika, andika na upande upi ulikuwa juu. Jiwe lililong'olewa bila alama litakupa jina na joto, lakini halitakuambia kamwe kama mlima ulisukumwa kwenda magharibi au mashariki. Na maabarani nako, simameni na fundi wa kukata mawe. Ukitaka kujua upande gani uliteleza juu ya upande upi, kipande kikatwe sambamba na mistari ya mnyoosho, na kiukate ulalo kwa pembe mraba. Ganeti iliyojizungusha ikikatwa kwa upande usiofaa, mzunguko wake hauonekani, au unaonekana kama pete zilizofunga, na mtu anaandika taarifa nzima juu ya kitu ambacho kisu ndicho kilichokitengeneza.

La pili: linganisha ndani na nje, na usiruke hatua. Kanuni zake zilipangwa vizuri mwaka 1962 na Mholanzi Hendrik Zwart, aliyekuwa akichunguza miamba ya Bosost katika milima ya Pyrenees. Ikiwa mstari wa ndani umenyooka, na ulalo wa nje umeuacha pembeni na kuizunguka ganeti, ganeti ni ya zamani: iliota juu ya ulalo wa kwanza, kisha ukaja mbano mwingine. Ikiwa ulalo wa nje unapita ndani ya fuwele moja kwa moja, bila kupinda wala kuizunguka, fuwele hiyo ilichelewa. Ilikuta mambo yamekwisha. Na ikiwa mstari umenyooka katikati ya fuwele, unapinda karibu na kingo, kisha unaungana na ulalo wa nje, basi iliota huku kazi ikiendelea: moyo wake uliona mwanzo, na kingo zake ziliona mwisho.

Angalieni pia pembeni mwa fuwele kubwa, pale ilipoukinga mwamba usibanwe sana. Kwatsi na ulanga hupenda kuota kwenye kikingio hicho. Kikiwa kimevutwa upande mmoja juu na upande mwingine chini, kinakuonyesha mwelekeo wa mtelezo. Ila msome kingo kwa makini. Ulalo kuizunguka ganeti kunathibitisha jambo moja, kwamba mbano uliendelea baada ya ganeti kuwepo. Hakuthibitishi kwamba ganeti yote iliota kabla ya mbano wowote. Wengi huandika hilo la pili wakiwa wameona la kwanza.

La tatu: usitosheke na fuwele moja, wala usiitosheleze imani yako. Kuna ganeti ambazo mstari wake wa ndani umejizungusha mara kadhaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1970, John Rosenfeld wa Marekani alizieleza ganeti za namna hiyo, zile za Vermont zikiwemo, kuwa zilibingirishwa na mwamba uliokuwa ukiteleza kando yao huku zikiota. Mwaka 1985 Tim Bell wa Australia akapinga kwa nguvu. Alisema fuwele hukaa pale pale zilipo, na kinachozunguka ni mwamba: mibano inakuja kwa zamu, mmoja wima, mwingine wa kulala, na kila mmoja unaandika kipande chake cha mstari. Ugomvi huo uliendelea miongo kadhaa. Picha ilikuwa ile ile, lakini historia zilizotokana nayo ni mbili: mmoja akisoma mtelezo mmoja mrefu, mwingine akisoma milima iliyobanwa na kulegea mara nyingi.

Mwamba ngoma huvutia kwake, wanasema wahenga, na sisi wajiolojia hatukuepushwa na hilo. Dawa yake ni kupima. Pima mielekeo ya mistari ya ndani katika ganeti nyingi, kwenye sehemu nyingi za kunjo moja. Kama mistari hiyo inabaki na mwelekeo mmoja toka ubavu mmoja wa kunjo hadi mwingine, hoja ya Bell ina uzito mahali hapo. Kama inageuka kufuata ubavu wa kunjo, au inatofautiana kutoka ganeti hadi ganeti, fuwele zilizunguka. Mahali pamoja panaweza kumpa haki huyu, na bonde la jirani likampa yule. Msijiandikishe kwenye kambi ya mtu kabla ya kuhesabu.

La nne: kila madini huota katika mazingira yake, kwa hiyo mpangilio wa kuota ni mpangilio wa safari. Mwaka 1893 George Barrow, aliyetembea nyanda za juu za Scotland, alieleza kwamba kadiri alivyosonga, madini mapya yalijitokeza kwenye miamba iliyotokana na udongo wa namna moja. Mfuatano tunaousoma leo ni kloriti, kisha bayotaiti, ganeti, stauroliti, kayanaiti, na mwisho silimanaiti. Ndipo ikaeleweka kwamba madini yanaweza kutumika kupima joto lililopita. Kayanaiti, andalusaiti na silimanaiti zina kemia moja kabisa, ila andalusaiti hupenda mgandamizo mdogo, kayanaiti hupenda mkubwa, na silimanaiti hutaka joto. Kayanaiti iliyochimbwa Murka, huko Taita, basi, haielezi rangi yake ya buluu tu, inaeleza kina. Na ukikuta sindano za silimanaiti zimekula kingo za kayanaiti, umepata mfuatano: mwamba ulikuwa chini sana, kisha ukapata joto zaidi au ukapanda ukiwa bado una joto. Ukiona hizo sindano zimelala kwenye ulalo wa pili, umeunganisha joto na mbano katika sentensi moja. Hapo ndipo raha ya kazi hii ilipo.

Kwetu mfano mzuri ni Pare na Usambara. Katika baadhi ya miamba yake myeusi utaona piroksini na feldispa ambazo hapo mwanzo ziligusana, lakini sasa kati yake umeota ukingo mwembamba wa ganeti, na kwatsi pamoja nao. Ukingo huo umetokana na hao wawili kula kila mmoja upande wa mwenzake. Mwaka 1998 watafiti walieleza kwamba kingo za namna hii katika miamba ya Pare, Usambara na Uluguru zinaonyesha mwamba uliopoa ukiwa bado kina kile kile, bila kupandishwa haraka. Hilo si jambo dogo. Milima ya Himalaya, kwa mfano, ina sehemu zilizopandishwa zikiwa bado zina joto kali, na madini yake yanasema hivyo. Miamba yetu hii ilitulia chini, ikapoa huko huko. Anayesema kila mgeuko mkubwa huacha alama za aina moja, mpelekeni Usambara.

La tano, na hili ndilo linalowaponza wenye akili nyingi: msichukue ukimya wa jiwe kuwa ushahidi. Asiyekuwepo na lake halipo, husemwa barazani. Kwenye miamba si hivyo. Ganeti inayoota katika joto la wastani hubadilisha kemia yake kadiri inavyokua. Moyo wake huwa na manganizi nyingi, na kadiri unavyoelekea ukingoni manganizi inapungua huku magnesi ikiongezeka. Ukipima kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa mashine ya miale ya elektroni, mchoro hutoka kama kengele, na kila hatua yake ni ukurasa wa joto linalopanda. Lakini joto likizidi nyuzi 700 na likadumu, atomi huhama ndani ya ganeti yenyewe, na kengele husawazika ikawa mstari wa bapa. Ganeti nyingi za Usambara ziko hivyo. Mwanafunzi anaona mstari wa bapa anaandika: "Ganeti iliota mara moja, katika joto moja." Sivyo. Iliota kwa safari ndefu kama nyingine, ila joto limeifutia kumbukumbu. Hapo geukeni kwenye chembe zilizomezwa. Kemia hufutika mapema, lakini chembe ya kayanaiti au ya zirkoni iliyofungwa ndani inaweza kudumu, na huenda ndiyo pekee iliyobaki kueleza mwanzo.

La sita: namba ya tukio si umri wake. Mtajifunza kuandika D1, D2, D3 kwa mibano, na S1, S2, S3 kwa ulalo wake. Ni desturi nzuri, na ni mtego pia. D2 ya Lushoto si lazima iwe D2 ya Morogoro. Na ulalo wa mahali pawili unaofanana sura na mwelekeo unaweza kutenganishwa na muda usioelezeka. Kwenye Ukanda wa Usagara, ukanda mwingine wa miamba mgeuko nchini Tanzania, katika mlima Yalumba, kuna eklojaiti, jiwe zito la ganeti nyekundu na piroksini ya kijani, lililotokea kina cha kilomita 60 hivi. Mwaka 1995 ilichapishwa kwamba umri wake ni miaka milioni 2,000 hivi. Kisha ule mgeuko wa miaka milioni 640 iliyopita ukaja ukapitia sehemu za ukanda huo huo tena. Mtu anayetembea kwa dira tu, akaunganisha ulalo na ulalo kwa kuwa vinaelekea upande mmoja, ataruka zaidi ya miaka bilioni moja kwa mchoro mmoja wa penseli.

Umri hupatikana kwa kupima chembe zenye elementi nururishi, kama zirkoni na monazaiti, na siku hizi ganeti yenyewe. Lakini hata hapo swali letu linarudi: monazaiti uliyoipima ilikuwa wapi? Iliyofungwa ndani ya ganeti isiyo na ufa ni ya zamani kuliko kipande cha ganeti kilichoizunguka. Iliyolala kwenye ulalo wa nje inaweza kuwa changa zaidi. Mpimaji akiziponda zote pamoja, atapata namba yenye nukta nyingi isiyo umri wa kitu chochote. Tazameni jinsi kazi ilivyofanyika Vermont mwaka 1989: Rosenfeld na wenzake walipima moyo na kingo za ganeti kubwa, za sentimita 3 hivi, kila sehemu peke yake. Wakapata kwamba fuwele ya namna hiyo ilitumia wastani wa miaka milioni 10 hivi kuota, yaani ukingo wake ulisogea milimita 1.4 kwa kila miaka milioni moja. Kwa kuwa walijua pia imezunguka kiasi gani, waliweza kukadiria mwamba ulikuwa ukiteleza kwa kasi gani. Kujua lililotangulia kuliwapa saa, na saa ikawapa mwendo.

Mtu atawauliza nyumbani: haya yote yanaleta ugali? Yanaleta. Merelani, ambako tanzanaiti ilianza kujulikana mwaka 1967, vito haviko kila mahali kwenye naisi, mwamba mgeuko wa huko wenye grafiti. Vinafuata mikanda iliyokunjwa, ikanyooshwa hadi ikakatikakatika na kubaki mafundo mafundo, na maji ya moto yakapita kwenye mianya iliyoachwa na mnyoosho huo. Kipimo kilichochapishwa miaka ya 1970 kiliipa tanzanaiti umri wa karibu miaka milioni 585, yaani baada ya ule mgeuko mkubwa. Kwa maneno mengine, kwanza palikunjwa, kisha pakanyooshwa na kukatika, ndipo jiwe la thamani likaota. Wengi wa wanaapolo, wachimbaji wa huko, wanajua kwa macho na mikono kwamba fundo la mkanda na kona ya kunjo ni mahali pa kutazamwa mara mbili. Mkifika kule na shahada zenu, wasalimieni kwa heshima, muulize, msikilize kwanza. Kazi yenu ni kuongeza sababu na vipimo juu ya wanachokijua, ili shimo linalofuata lichimbwe penye hoja na si penye ndoto.

Vivyo hivyo kwa mzee aliyewahi kuchimba ulanga Uluguru, au mama anayeponda kokoto kando ya barabara ya Korogwe. Wameyashika mawe haya miaka mingi kuliko ninyi. Wanaweza kuwaonyesha ganeti kubwa ilipo, na wapi jiwe hupasuka kirahisi. Kusoma ulalo ni juu yenu.

Mwisho, kuhusu daftari. Ligawe ukurasa kwa mstari wa katikati. Kushoto andika ulichokiona: mwelekeo, mwinamo, fuwele gani imezungukwa na nini, chembe gani imo ndani ya ipi. Kulia andika unachodhani kilitokea, na ukipe kila hatua sababu yake upande wa kushoto. Upande wa kulia mtaufuta mara nyingi, na si aibu. Rosenfeld na Bell walitofautiana kwenye upande huo huo. Wa kushoto usifutike, kwa sababu siku moja mtu aliyesoma kuliko ninyi, mwenye mashine msizozijua, atarudi kwenye mwamba ule ule akiwa na daftari lenu mkononi. Akiwapinga, apinge mlichodhani. Mlichokiona akikute pale pale mlipoandika kuwa kipo.